Mtetemo wa Shafti ya Propela: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Mauntingi

Boti yenye injini ya ndani ikianza kutetemeka, mara nyingi fundi wa kwanza kuitwa hukimbilia nati za mauntingi, ile miguu ya raba inayoibeba injini. Injini inainuliwa huku, inashushwa kule, boti ikiwa bado juu ya chelezo, kisha inarudishwa majini. Siku mbili tatu panakuwa na afadhali. Wiki haijaisha, mtetemo umerudi uleule. Fundi wa pili anabadilisha bushi, wa tatu anashauri propela mpya. Fedha imekwisha na chanzo hakijaguswa.

Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio, na mpangilio huo usiuvuruge. Kila hatua inamwondoa mshukiwa mmoja kabla hujamgusa anayefuata, ukianza na yasiyo na gharama. Kuilinganisha injini na shafti, kazi ambayo mafundi wanaiita alaimenti, kunakuja mwishoni kabisa na hufanyika boti ikielea. Ukiilinganisha injini na shafti iliyopinda, umeilinganisha na kosa, na utairudia kazi yote.

Maelezo yanahusu boti za mita 8 hadi 15 zenye dizeli ya ndani, giaboksi, na shafti inayopenya chini ya mwili wa boti: za watalii, za doria, za kubeba samaki au abiria kati ya Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria. Mwenye injini ya kupachika nyuma atafaidika na hatua ya 4 tu.

## Vifaa vya kuandaa

- Fila geji ya kupimia mapengo, yenye majani ya kuanzia milimita 0.05
- Geji ya mshale inayosoma 0.01 mm, pamoja na kitako chake cha sumaku
- Kipande cha bapa la chuma cha kama sentimita 10 kwa 10 na jikilampu mbili. Sumaku haishiki kwenye fiberi wala mbao, na shafti nyingi za chuma kisichoshika kutu haziivuti vizuri. Bapa ndilo litakaloishika geji
- Mizani ya kuning'iniza ya kilo 25 au 50, ileile wanayopimia samaki pale soko la Mwaloni, Mwanza
- Klipu mbili za hosi zinazotosha kuizunguka shafti
- Pula ya kung'olea propela
- Spana za nati za mauntingi, mbili za kila saizi, kwa kuwa moja inashika na nyingine inazungusha
- Rangi ya buluu ya mafundi, ya kupaka na kuona chuma kinapogusana
- Tochi, chaki, kalamu ya rangi isiyofutika na daftari
- Simu yenye programu ya kupima mtetemo (si lazima, ila inasaidia)

Geji ya mshale ukiikosa, iazime kwa mkerezaji. Usikubali mtu akwambie shafti imenyooka kwa kuitazama kwa macho. Kupinda kwa nusu milimita hakuonekani, na kunatosha kuitikisa boti nzima.

## Hatua ya 1: Ipeleke boti ziwani na uandike

Nenda asubuhi ziwa likiwa limetulia, kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi. Mawimbi yakipiga chini ya boti hutaweza kutofautisha mtetemo na mapigo yake. Toka hadi kwenye kina cha kutosha, mbali na mawe. Ghuba ya Mwanza ina miamba mingi iliyojificha chini kidogo ya uso wa maji, na propela utakayoipinda wakati wa jaribio itakuharibia uchunguzi wote. Wawe watu wawili, mmoja wa kuendesha na mmoja wa kuandika, wote wamevaa maboya. Usibebe abiria.

Anza na mwendo wa chini kabisa. Panda mizunguko 200 ya injini kwa kila ngazi, ukae dakika moja kila ngazi. Andika mambo matatu: mtetemo unaanzia mizunguko mingapi, unazidi wapi, na unausikia wapi zaidi, kama ni juu ya giaboksi, kwenye usukani, au nyuma kabisa juu ya propela.

Kisha, boti ikiwa kwenye mwendo ule unaotetemesha zaidi, punguza mafuta, weka nyutro, halafu rudisha injini kwenye mizunguko ileile huku boti ikiteleza. Mtetemo ukipotea, kosa limeelekea nyuma ya giaboksi. Ukibaki vilevile, liko kwenye injini au mauntingi zake.

Mwisho, kata kona kulia na kushoto.

Ulichoandika kinasomwa hivi:

Mtetemo unaozidi kadiri unavyoongeza mafuta, bila kupungua popote, kwa kawaida ni propela isiyo na uwiano au iliyopinda, au shafti yenyewe.

Unaotokea kwenye eneo dogo tu, tuseme kati ya mizunguko 1,500 na 1,700, kisha ukapotea, ni sehemu fulani inayoitikia kama ngoma. Tafuta mauntingi laini, mguu wa shafti (kishikio cha chini ya boti kinachobeba bushi ya raba) uliolegea, au shafti ndefu isiyoshikwa katikati. Kosa dogo la propela linaweza kuwa ndilo linaloipiga hiyo ngoma, kwa hiyo usiishie hapo.

Kugongagonga kwenye mwendo wa chini kabisa gia ikiwa imeingia, kunakoisha ukiongeza kidogo, mara nyingi ni sahani ya springi iliyo kati ya injini na giaboksi. Shafti haina kosa.

Ukitokea kwenye kona tu, kagua usukani ulio majini, nyuma ya propela. Shika bapa lake boti ikiwa juu ulisukume kulia na kushoto. Likicheza kwenye bushi yake, umempata.

Swali moja zaidi la kuandika jibu lake: mtetemo ulikuja ghafla au polepole? Wa ghafla una jiwe, gogo au wavu nyuma yake. Wa polepole ni kuchakaa, yaani bushi ya raba au mauntingi.

## Hatua ya 2: Iondoe injini kwenye orodha

Boti ikiwa imefungwa gatini, gia kwenye nyutro, pandisha injini taratibu kutoka mwendo wa chini hadi ule uliotetemesha ziwani. Weka kiganja kwenye fremu ya injini, mbali na mikanda, kisha kwenye boriti la boti chini ya mauntingi. Injini inaruhusiwa kutikisika kidogo, boriti halipaswi kuupokea mtikisiko huo.

Zima injini na uikague kila mauntingi. Raba iliyolowa dizeli au oili huvimba na kuwa laini kama sandali kuukuu. Iliyozeeka hupasuka pale inapoungana na chuma. Linganisha urefu wa raba ya kushoto na ya kulia: tofauti ya zaidi ya milimita 2 au 3 ina maana uzito haujagawanyika, au moja imekufa. Badilisha zote nne kwa pamoja. Mpya moja kati ya tatu zilizochoka huinua kona yake na kuipinda injini.

Tahadhari. Silinda isiyochoma vizuri huigiza mtetemo wa shafti, na hapa mafundi wengi wazuri wameteleza. Kila silinda ya dizeli ya mapigo manne huchoma mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo silinda mbovu hutikisa mara moja kila mizunguko miwili ya injini. Giaboksi ya 2 kwa 1 nayo huizungusha shafti mara moja kila mizunguko miwili ya injini. Mapigo yanafanana kabisa! Ukiona moshi mweupe au injini inazunguka kwa kukwama, legeza nati ya bomba la mafuta la nozeli moja baada ya nyingine kwenye mwendo wa chini. Ukiilegeza na sauti isibadilike, silinda hiyo haikuwa inafanya kazi. Fanya hivi kwa injini za pampu ya kawaida tu. Kwenye injini za komoni reli, zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, usithubutu: presha ya mafuta humo inapenya ngozi na inaweza kukugharimu mkono.

Hatua hii imekamilika injini inapopanda na kushuka kwenye nyutro bila boriti kutikisika. Kuanzia hapo acha kuishuku injini.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya mizunguko

Soma uwiano wa gia kwenye kibati cha giaboksi. Mara nyingi kuna namba mbili, ya mbele na ya rivasi, na si lazima zilingane. Tumia ya mbele.

Tuseme mtetemo ni mkali injini ikiwa kwenye 2,400 na uwiano ni 2 kwa 1. Shafti inazunguka 2,400 ÷ 2 = 1,200 kwa dakika, sawa na mara 20 kwa sekunde. Propela ya mabawa matatu hupiga maji mara 60 kwa sekunde.

Weka simu sakafuni juu ya shafti, kwenye alama ya chaki ili kila jaribio lifanyike mahali pamoja. Ikionyesha kilele kwenye 20, kitu kinayumba mara moja kwa kila mzunguko: propela isiyo na uwiano, shafti iliyopinda, au kaplingi (kiungo cha shafti na giaboksi) iliyokaa upande. Kilele kwenye 60 kinasema kosa linarudiwa kila bawa linapopita, kwa mfano ncha za mabawa ziko karibu mno na sakafu ya boti, au kuna kitu mbele ya propela kinachovuruga maji. Nafasi kati ya ncha ya bawa na mwili wa boti isipungue kama asilimia 15 ya kipenyo cha propela. Kwa propela ya milimita 500 hiyo ni milimita 75.

Simu nyingi husoma mara 100 hivi kwa sekunde, na haziwezi kuona kitu kinachopita nusu ya hapo. Kwa hiyo mara 20 utaiona vizuri. Mara 60 huenda isionekane, au ikaonekana mahali pasipo pake. Ukiona namba isiyoeleweka, iache, usijenge hoja juu yake.

## Hatua ya 4: Tazama chini

Sasa ipandishe boti kwenye chelezo. Kuzamia inawezekana, lakini maji ya kina kifupi kando ya ziwa yana kichocho, na sehemu nyingine zina mamba. Chelezo kinakupa pia nafasi ya kupima. Kabla mtu hajaigusa propela, toa funguo ya injini na uzime swichi ya betri.

Anza na nafasi kati ya kitovu cha propela na bushi ya raba. Hapo ndipo uzi wa timba, yaani nyavu za uzi mmoja wa plastiki, hujificha. Huyeyuka kwa joto, ukashikana kama pete ngumu ya plastiki yenye rangi ya shafti, na mtu anaweza kupita mara tatu asiuone. Ukate kwa kisu na uuvute wote. Timba huziba pia njia ya maji yanayoilainisha bushi, kwa hiyo ukiukuta, hatua ya 5 uifanye kwa makini zaidi. Magugu maji hayana hatari hiyo. Yanasokotana na kuitikisa boti, lakini mara nyingi rivasi fupi huyatoa.

Kama shafti imefungwa kipande cha kinga ya kutu, kishike. Kilicholegea au kilicholika upande mmoja huyumbisha shafti kwa uzito wake chenyewe. Wengi huuziwa cha zinki. Katika maji baridi kama ya ziwa letu zinki hujivika ganda na kuacha kufanya kazi. Kinachofaa ni cha magnesi.

Kisha mabawa. Yapapase kingo zote kwa kidole ukitafuta mikunjo na meno. Halafu funga kijiti kwenye mguu wa shafti, ncha yake ikikaribia kabisa ukingo wa bawa moja karibu na ncha. Izungushe propela kwa mkono, gia ikiwa nyutro, na upime pengo kwa kila bawa mahali palepale. Zikitofautiana zaidi ya milimita 2 au 3, bawa limepinda, au shafti imepinda na inaibeba propela. Hatua ya 6 ndiyo itakayowatenganisha hao wawili, kwa hiyo usiitoe propela bado.

Tahadhari. Bawa la shaba lililopinda lisigongwe kwa nyundo juu ya jiwe. Litanyooka machoni na kupasuka ndani. Hunyooshwa kwa moto wa kupimwa, kwenye umbo lake, na anayejua.

## Hatua ya 5: Bushi ya raba na mguu wa shafti

Shika shafti karibu na propela uinyanyue kwa nguvu, kisha uishushe. Weka geji ya mshale chini yake, au fila geji kati ya shafti na raba upande wa juu. Bushi mpya kwa shafti ya milimita 38 huwa na nafasi ya kama 0.1 hadi 0.2 mm. Ikicheza milimita 1.5, muda wake umekwisha. Maji ya mwaloni yenye mchanga huila raba upesi kuliko ya katikati ya ziwa. Boti inayoegeshwa ufukweni kila siku isubiriwe kuchakaa mapema.

Lakini kabla hujaitupa, isome. Raba iliyolika chini peke yake imelika kwa uzito wa shafti, jambo la kawaida. Iliyolika ubavuni, au upande mmoja kwa mbele na upande wa pili kwa nyuma, inakwambia shafti ilikuwa ikivutwa: ama injini haijalingana, ama mguu umesogea. Ukiweka mpya bila kulitafuta hilo, nayo italika vilevile.

Gonga mguu wa shafti kwa nyundo ya mbao na usikilize. Ulioshikwa vizuri hutoa mlio mmoja mkavu. Uliolegea hulia kama sahani iliyopasuka. Tazama mzunguko wa boliti zake ndani na nje: mstari mwembamba wa ufa kwenye fiberi, au unyevu unaojitokeza saa kadhaa baada ya boti kupandishwa, ni ushahidi kwamba mguu unacheza. Huo utengenezwe kwanza. Kipimo chochote kinachotegemea mguu unaocheza ni bure.

Tazama na umbali wa propela kutoka kwenye bushi. Usizidi kipenyo kimoja cha shafti. Shafti ya milimita 38 yenye propela iliyokaa milimita 80 nyuma ya bushi itapinda na kutikisa hata kama kila kitu kingine ni kipya.

## Hatua ya 6: Ipime shafti

Bana bapa la chuma kwa jikilampu kwenye sehemu imara ya boti, weka kitako cha geji, na mshale uiguse shafti iliyosafishwa. Izungushe taratibu kwa mkono mzunguko mzima. Soma juu kabisa na chini kabisa: tofauti ya hizo namba mbili ndiyo kipimo chako. Fanya hivyo sehemu tatu: nyuma ya kaplingi, kabla ya gilendi (kizibo chenye pakingi pale shafti inapopenya mwili wa boti), na nje karibu na propela.

Hadi 0.10 mm ni nzuri. Hadi 0.15 mm inavumilika kwa boti ya mwendo wa kawaida. Zaidi ya hapo, itoe.

Ikisoma vizuri nje na vibaya nyuma ya kaplingi, usiilaumu shafti haraka. Kaplingi yenyewe huenda imekaa upande, na imeivuta shafti pamoja nayo. Ifungue kama inavyoelezwa kwenye hatua ya 8, kisha upime upya ukiwa umeishikilia shafti.

Shafti iliyotolewa ipimwe ikiwa imelazwa juu ya magogo mawili ya chuma yenye mkato wa V, si kwenye meza. Mpe mkerezaji na kaplingi pamoja. Aifunge kaplingi kwenye shafti, kisha aukereze uso wa flenji, yaani sahani ya kaplingi yenye matundu ya boliti, ikiwa hapohapo. Kaplingi mpya iliyofungwa bila kukerezwa juu ya shafti yake haina hakika ya kukaa sawa, hata ingetoka kwenye boksi.

Pitisha ukucha pale shafti inapokaa ndani ya bushi na ndani ya gilendi. Mfereji unaokamata ukucha utaila bushi mpya na pakingi mpya.

## Hatua ya 7: Propela, kii na tepa

Shafti imepatikana nzima lakini mabawa yametofautiana? Propela itoke.

Legeza nati lakini uiache kwenye meno machache. Propela ikiachia tepa, yaani ncha ya shafti iliyochongoka inapokaa propela, huruka kwa nguvu, na nati hiyo ndiyo itakayoizuia isikuvunje mguu. Tumia pula. Kupiga kitovu kwa nyundo huharibu tepa na giaboksi kwa pigo moja.

Peleka ikapimwe mabawa na uwiano. Kipimo cha uwiano kinaeleweka: propela huwekwa kwenye mhimili ulionyooka juu ya reli mbili zilizolala sawa, na bawa zito hushuka chini kila mara. Atakayeisawazisha asiondoe chuma kwenye kingo za mabawa.

Wakati wa kuirudisha ndipo kosa la kii, kile kipande cha chuma kinachozuia propela isiteleze juu ya shafti, hutokea, nalo linawatesa watu miezi mingi kwa sababu kila kitu kinaonekana kipya. Kii kikiwa kirefu kwenda juu, propela hupanda juu ya kii badala ya kukaa kwenye tepa. Inakazwa, inashika, lakini haiko katikati. Jikague hivi:

1. Safisha tepa na tundu la propela, paka rangi ya buluu nyembamba kwenye tepa.
2. Isukume propela bila kii hadi ishike. Chora mstari kwenye shafti mbele ya kitovu.
3. Itoe na utazame: rangi iwe imehamia angalau robo tatu ya tundu, imetawanyika. Pete moja tu ya rangi ina maana tepa hazilingani.
4. Weka kii, rudisha propela. Lazima ifike kwenye mstari uleule. Ikiishia kabla, punguza kii kwa tupa upande wa juu, si ubavuni.

Kaza nati nyembamba kwanza, kisha nene, halafu weka pini mpya ya kufungia.

## Hatua ya 8: Alaimenti, boti ikielea

Mwili wa boti hubadilika umbo unapotoka kwenye magogo ya chelezo na kubebwa na maji, na wa mbao hubadilika zaidi ukilowa. Iache ielee saa 24 hadi 48, ikiwa na mafuta na mizigo yake ya kawaida.

Tahadhari kubwa. Kabla ya kufungua boliti za kaplingi, kaza klipu mbili za hosi kwenye shafti, ndani ya boti, mbele ya gilendi. Bila hizo shafti inaweza kuteleza kwenda nje na kuacha tundu linaloingiza ziwa.

Weka alama ya rangi inayovuka flenji zote mbili, ili zirudi zilivyokuwa. Fungua boliti, zitenganishe kidogo.

Shafti ikiachiwa huinama kwa uzito wake, nawe ukiilinganisha injini na shafti iliyoinama, umekosea tangu mwanzo. Hapa ndipo mizani ya samaki inapofanya kazi. Pima urefu wa shafti usioshikwa, kutoka gilendi au bushi ya mwisho hadi kaplingi. Shafti ya chuma ya milimita 38 ina uzito wa kilo 9 hivi kwa mita. Ikiwa mita 1.2 haijashikwa, hiyo ni kilo 10.8, na nusu yake ni 5.4. Ongeza uzito wote wa kaplingi ya upande wa shafti, tuseme kilo 4. Ninginiza mizani juu ya kaplingi na uivute hadi isome kilo 9.4. Weka kabari ya mbao chini ya shafti kwa kimo hicho, uiondoe mizani.

Sasa sukuma flenji zikutane. Mdomo wa moja uingie kwenye tundu la nyingine kwa mkono, bila kupigwa. Usipoingia, injini iko juu, chini au pembeni. Irekebishe kwanza.

Ukishaingia, zisogeze hadi ziguse upande mmoja, na upime pengo kwa fila geji juu, chini, kushoto na kulia. Tofauti isizidi 0.10 mm kwa kila milimita 100 za kipenyo cha flenji.

Kabla ya kurekebisha chochote, zungusha flenji ya shafti nusu mzunguko, ya giaboksi ikibaki ilipo, upime tena. Pengo kubwa likibaki palepale, injini ndiyo haijalingana. Likihama pamoja na shafti, flenji au shafti ndiyo mbovu: rudi hatua ya 6. Kipimo hiki cha dakika tano ndicho kinachorukwa kuliko vyote.

Mfano wa kurekebisha. Flenji ya milimita 100 ina pengo la juu lililozidi la chini kwa 0.40 mm. Mauntingi za mbele na za nyuma zimeachana milimita 600. Injini inahitaji kuinamishwa 0.40 ÷ 100 × 600 = milimita 2.4. Pengo kubwa likiwa juu, pandisha mauntingi za mbele. Likiwa chini, zishushe. Nati ya M16 yenye meno ya kawaida hupanda milimita 2 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo ni mzunguko mmoja na robo isiyofika, kushoto na kulia sawasawa. Ukishainamisha injini, hakikisha tena mdomo bado unaingia, kwa kuwa kimo cha nyuma nacho kimebadilika kidogo.

Kaza nati za kufungia, kisha pima upya. Kukaza pekee huweza kusogeza 0.1 mm, na hiyo ndiyo posho yako yote. Rudia hadi kipimo kibaki kizuri baada ya kukaza. Rudisha boliti za daraja la 8.8 kwa alama zako, toa kabari, ondoa klipu za hosi.

## Hatua ya 9: Rudi ziwani

Fuata ngazi zilezile za mizunguko 200, simu kwenye alama ileile ya chaki, asubuhi tulivu kama mara ya kwanza.

Kazi imefanikiwa ikiwa kilele cha mara 20 kimeshuka sana au kimepotea, injini inafika mizunguko yake ya juu iliyoandikwa kwenye kibati bila moshi mweusi, na gilendi ya pakingi, baada ya nusu saa ya mwendo, inashikika kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Ikiwa ya moto hata usiweze kuishika, umebana mno pakingi. Ilegeze hadi idondoshe matone machache kwa dakika shafti ikizunguka.

Mtetemo ukipungua nusu tu, ulikuwa na vyanzo viwili. Hilo hutokea mara nyingi, hasa propela iliyogonga jiwe ambayo ilipinda na shafti kidogo. Usirudi kwenye mauntingi. Rudi hatua ya 3, na namba mpya.

Baada ya saa 10 za kazi kaza tena boliti za kaplingi na za mauntingi. Baada ya saa 50 pima tena pengo la flenji, hasa kama mauntingi ni mpya, kwa sababu raba mpya hukaa chini kidogo. Chora mstari wa rangi kuvuka kila nati na ncha ya boliti yake, na uandike mapengo manne ya mwisho ndani ya mfuniko wa injini, pamoja na tarehe na kiasi cha mafuta kilichokuwa tangini siku hiyo.